Kuhama nyumba Kampala bila kufilisika: anza na tarehe, gari baadaye

Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana hapa Kampala lugha zinagongana. Mswahili akisema mzigo anaongelea vitu vya kubeba, Muganda akisema muzigo anaongelea chumba cha kupanga, kile cha mlango mmoja kwenye safu ya milango kumi na choo cha pamoja kule nyuma. Sasa mimi nimeshatoa mizigo kwenye muzigo na kuipeleka kwenye muzigo mwingine mara 6 ndani ya miaka 9, na zile mara tatu za kwanza niliumia hasa, na sio mgongo ulioumia, ni mfuko.

Malezi nayo yalichangia. Mimi ni mtoto wa kambi, nimekulia Bombo, na kwetu baba akipata transfa lori la jeshi linakuja, askari wanapakia kila kitu pamoja na kuku wa mama, hakuna anayeuliza bei. Kwa hiyo nilipoanza kupanga mwenyewe nikawa najua kuhama maana yake gari, ukitaka kuhama tafuta gari, basi. Na hata saa hizi kwenye magrupu ya WhatsApp swali la kwanza la mtu anayehama ni lile lile, "nani ana namba ya mtu wa pikapu". Kumbe gari sio linalokula hela.

Nikupe hesabu yangu ya mara ya tatu, Kamwokya kwenda Kireka. Kodi 300,000 kwa mwezi, yaani 10,000 kwa siku. Nyumba mpya niliilipia tarehe 2 na ile ya zamani nilikuwa nimeshailipa mpaka tarehe 13, siku 12 nalipia nyumba mbili na mwili ni mmoja, hiyo 120,000 imekwenda. Dalali kachukua kodi ya mwezi mzima, 300,000. Gari 80,000, lakini vitu havikuenea likarudi tena, 60,000 nyingine. Fundi wa kuunga kitanda 20,000 kwa sababu nilipoteza nati zake. Jumla 580,000, na kodi yenyewe ya nyumba mpya sijaihesabu hapo! Ndani ya hizo zote gari kama lingeenda mara moja lilikuwa 80,000 tu.

Tangu siku ile mimi kuhama naanza na tarehe, gari naliongelea mwisho mwisho huko.

Tarehe yako ya kodi ndo bosi

Wengi wetu mwezi wetu wa kodi hauanzi tarehe 1, unaanza siku uliyoingia. Uliingia tarehe 14 basi kila tarehe 14 mwenye nyumba anakohoa mlangoni. Chukua hiyo tarehe, iandike ukutani, alafu hesabu kurudi nyuma: wiki tano kabla unaanza kutafuta nyumba, mwezi mmoja kabla unamwambia mwenye nyumba kwamba unaondoka, tena kwa meseji ili ibaki, maneno ya mdomoni ukija kudai dipoziti yanasahaulika haraka sana. Wiki mbili kabla uwe unajua unakokwenda. Wiki moja kabla ndo unatafuta gari.

Shida ni kwamba nyumba nzuri haisubiri tarehe yako. Utaipata tarehe 2, mwenye nyumba atakwambia kuna watu wengine watatu wanaitaka (siku zote wako watatu, sijui kwanini) na wewe kwa presha utalipa pale pale. Usilipe yote. Lipa kiasi cha kuishikilia, upewe risiti, na kwenye risiti iandikwe mwezi wako unaanza lini. Mimi huwa naangalia nyumba ina kasoro gani, na kasoro hazikosekani, kitasa kimelegea, rangi imechoka, bomba linatiririka, alafu namwambia kwa heshima, "Ssebo, nyumba nimeipenda, nakuachia hii leo, wewe tengeneza bomba na upake rangi, nikiingia tarehe 13 ndo mwezi uanze." Anaona amepata mpangaji na muda wa kurekebisha, mimi nimeokoa siku 11 za kodi. Sio wote wanakubali. Lakini wawili kati ya watatu wa mwisho niliowaomba walikubali, na mmoja hata rangi alipaka kweli.

Kuna mlango mwingine, dipoziti. Kama ulipoingia ulilipa dipoziti ya mwezi mmoja, muulize mwenye nyumba wa zamani mapema kama unaweza kuila kwenye mwezi wa mwisho, yaani usilipe kodi ya mwezi huo, yeye akate kwenye dipoziti. Akikubali umepata hela ya kuanzia kule mbele badala ya kuja kumfukuzia miezi miwili akikwambia "njoo Ijumaa". Akikataa sawa, ila uwe na picha za nyumba siku unatoka, ukuta, sinki, madirisha, na kama ulipiga na siku unaingia ndo vizuri zaidi.

Wenye watoto mnajua wenyewe, likizo ndo muda wa kuhama, lakini kuwa makini na ile ya mwisho wa mwaka, maana kodi ya miezi mitatu ikikutana na ada ya shule mwezi wa pili mtakula mihogo mpaka Pasaka.

Nyumba mpya: dalali, maji, umeme wa Yaka

Dalali sio lazima. Chagua eneo, alafu Jumamosi moja vaa raba utembee, uliza mama wa duka, fundi viatu, askari wa getini, kijana wa boda pale steji. Hao wanajua nani anahama kabla hata ya dalali kujua. Mara ya mwisho nyumba niliipata kwa mama anayekaanga chapati Kyaliwajjala, nikampa 20,000 ya shukrani, akaniombea dua na kuniongezea chapati mbili. Kama lazima dalali, basi bei yake mpatane kabla hujapanda boda kwenda kuona nyumba ya kwanza, na ile hela ya "kuzungushwa" anayodai mwanzoni ikatwe kwenye malipo yake ya mwisho. Na usimlipe dalali kodi. Kodi anapewa mwenye nyumba mkononi au kwenye simu yake, na jina linalotokea kwenye simu lifanane na jina la kwenye agrimenti.

Nenda kuona nyumba mara mbili, mara moja mchana na mara moja baada ya mvua. Sehemu za mabondeni kama Bwaise na Kalerwe mvua kubwa ikipiga maji yanaingia ndani, na sio huko tu, hata kwenye vilima vyetu kuna nyumba ya chini kabisa ambayo inapokea maji ya wote. Angalia ukuta kwa chini, kama kuna mstari wa unyevunyevu au rangi mpya imepakwa nusu mita tu kutoka sakafuni, mtu wangu, ondoka. Maji ya bomba nayo usiulize mwenye nyumba, angalia milangoni kwa majirani. Ukiona madumu ya njano matano matano kila mlango ujue bomba ni la mapambo.

Umeme ndo penye mambo. Toka Aprili 2025 usambazaji wa umeme umetoka kwa kampuni iliyoitwa Umeme ukaenda UEDCL, shirika la serikali, ila mita ni zile zile za Yaka, yaani za kulipia kabla, na mita ya Yaka inaweza kuwa na deni la mtu aliyekaa kabla yako. Deni halimfuati mtu, linabaki kwenye mita, na kila ukinunua linakatwa kidogo kidogo. Kabla hujalipa kodi omba namba ya mita, nunua umeme kidogo tu, alafu soma ile meseji inayorudi. Kama sehemu ya hela imekwenda kwenye deni utaiona. Na uliza mita ni yako peke yako au mnachangia. Hii watu hawaifikirii: uniti 15 za kwanza za mwezi zinauzwa bei ya chini kwa mita ya nyumbani, sasa mkiwa milango minne kwenye mita moja hizo 15 mnagawana, zinaisha siku ya tatu na zinazofuata mnanunua kwa bei ya juu zaidi. Kodi ya chini kwa 20,000 lakini umeme wa kuchangia, mara nyingi hujaokoa kitu.

Agrimenti iandikwe. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka upangaji wa thamani ya 500,000 na zaidi uwe kwa maandishi, na inasema kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, tena iwe kwa shilingi za Uganda isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Hata kama kodi yako ni ndogo, karatasi moja yenye tarehe, kiasi, dipoziti na sahihi mbili haigharimu kitu. Usimtishe mwenye nyumba na sheria siku ya kwanza lakini, utaambiwa nyumba imeshachukuliwa.

Punguza vitu mpaka viingie mara moja

Shabaha ni hii: tripu moja. Gari likirudi mara ya pili umelipa mara mbili, vijana nao wameongeza bei, na jua limezama. Kwa hiyo wiki mbili kabla pita chumba kwa chumba (kama ni muzigo basi kona kwa kona) na uulize kila kitu, wewe nikubebe kwa nini.

Mimi nilibeba tivi ya mgongo iliyokufa nyumba tatu. Tatu! Nikijiambia ipo siku ntaipeleka kwa fundi. Alafu siku moja wakapita wale vijana wa skrapu na gunia lao, wakanipa 5,000, na hapo ndo nikajua nilikuwa namlipia tivi maiti nauli. Chuma, masufuria yaliyotoboka, mabati, betri, wape hao. Nguo za watoto zilizowabana wape jirani. Kabati au kochi lililo zima piga picha mchana kwenye mwanga, liweke kwenye Jiji, ule mtandao wa kuuzia vitu, au kwenye status ya WhatsApp, weka bei ya juu kidogo ya unayoitaka maana watapunguza tu, na andika "aje achukue mwenyewe".

Kabla ya kubeba kochi na kitanda pima milango ya kule. Kipimo cha utepe cha fundi cherehani kinatosha. Nimeona kwa macho yangu kochi la watu watano limelala nje Najjera siku mbili kwa sababu ngazi ina kona na kochi halina. Mwisho wake lilikatwa miguu.

Makaa, maharage, unga, gesi, usinunue vipya wiki hizi mbili. Kula vilivyomo ndani. Wiki ya mwisho kwangu huwa ni ya mapishi ya ajabu, tumewahi kula tambi na karanga za unga na hakuna aliyekufa.

Kufunga

Maboksi usinunue mapya. Nenda Kikuubo jioni maduka yakifunga, au duka la dawa la mtaani kwako, maboksi ya dawa ni magumu na yana ukubwa wa kubebeka. Mwambie mwenye duka mapema akuwekee, akitaka hela mpe 500 au 1,000 kwa boksi. Vitu vizito kama vitabu na vyombo weka kwenye boksi dogo, vyepesi kwenye kubwa, watu wengi wanafanya kinyume alafu boksi linafumuka kwenye ngazi. Nguo hazihitaji boksi kabisa, gunia safi la sukari linatosha, au shuka, unaweka nguo katikati unafunga ncha nne. Masufuria yajaze, sufuria tupu inabeba hewa na hewa nayo inachukua nafasi kwenye gari.

Vyombo vya udongo na glasi: magazeti ya zamani, Bukedde ya wiki iliyopita inafaa kuliko kitu chochote, au yale maganda makavu ya mgomba wanayowekea mayai sokoni. Sahani zisimamishe kwa ubavu kama vitabu kwenye rafu, usizilaze. Glasi zivalishe soksi. Kweli, soksi, tena zinahitaji kuhama pia.

Kitanda: kabla hujakifungua kipige picha, kila kona. Nati na skrubu zote ziingie kwenye kaveera moja (mfuko wa plastiki), kaveera ifungwe kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani, sio mfukoni kwako na sio "hapa dirishani tusisahau". Ile 20,000 ya fundi niliyolipa Kireka ilitoka dirishani. Spana iwe ya mwisho kupakiwa. Nyaya za tivi na dekoda vile vile, picha kwanza alafu chomoa.

Friji izime siku moja kabla, uipanguse ikauke, mlango uufunge kwa kamba, na isafiri imesimama. Kama imelazimika kulala basi ikifika iache isimame masaa kadhaa kabla hujaichomeka, mafuta ya kwenye kompresa yarudi mahali pake. Mtungi wa gesi funga valvu, toa regyuleta, nao usimame. Sigiri uhakikishe jivu limepoa tangu jana yake, nimesikia harufu ya godoro linaloungua juu ya lori la kanta na sitaki kuisikia tena. Godoro livalishe shuka kuukuu au turubai, maana sakafu ya gari jana ilibeba matoke au saruji. Na ukihisi una kunguni piga dawa KABLA, kwenye mbao za kitanda hasa, ukihama nao utakuwa umelipa nauli yao pia.

Alafu kuna sanduku la mama. Mama yangu alikuwa na lile sanduku la chuma la shule, hizi wanazopelekea watoto bodingi, na kila transfa ndani yake kulikuwa na vitu vile vile: kiberiti, mshumaa, majani ya chai, sukari, chumvi, sufuria moja, vikombe vyetu, sabuni, karatasi za choo, shuka mbili, dawa ya kichwa. Linapakiwa la mwisho, linashushwa la kwanza. Tukifika kambi mpya usiku, wenzetu wanapekua magunia kwa tochi, sisi tunakunywa chai. Langu mimi nimeongeza chaja, balbu mbili, kisu, nyundo na makufuli. Vitambulisho, agrimenti, vyeti na hela haviingii humo wala kwenye gari, vinakaa kwenye begi lako mgongoni.

Gari

Sasa ndo gari. Nenda mwenyewe steji ya magari ya mizigo iliyo karibu na kwako, siku ya kazi, asubuhi sio mapema sana, yaani ule muda ambao hawajapata kazi bado. Dereva wa karibu na unapotoka ni nafuu kuliko yule wa unakokwenda, maana wa kule atahesabia na safari ya kuja. Muulize na kama ana safari ya kuelekea kule unakokwenda, gari linalorudi tupu bei yake inashuka sana, lori dogo la Elf lililoleta ndizi sokoni alfajiri linarudi Mukono bila kitu na dereva anafurahi apate hata ya mafuta.

Usimwambie "ni vitu vidogo tu". Kila mtu anasema vitu vidogo, akifika akikuta kabati la milango mitatu bei inaanza upya pale pale na wewe umeshafungua kitanda huna pa kukimbilia. Mtumie video ya nyumba nzima, useme ghorofa ya ngapi, gari linafika mlangoni au mnabeba kwenye kichochoro, na kule je. Alafu bei iwe ya kazi nzima, mafuta ndani, na muelewane kupakia na kushusha ni kwa nani. Malipo nusu baada ya kupakia, nusu baada ya kushusha, ukilipa yote mapema haraka yake yote inaisha. Na kama analipwa kwa simu atasema "weka na ya kutolea", hiyo mpatane kabla, maana makato ya kutoa yapo na juu yake kuna ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5.

Vijana wa kubeba wawili wanatosha kwa nyumba ya vyumba viwili. Watatu ni kama mna ngazi. Patana kwa kazi, sio kwa saa, na chakula ni juu yako, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) mbili mbili na soda na kazi inakwenda. Marafiki zako ni wazuri kwa kufunga na kusimamia, kubeba friji hapana, rafiki akivunja kioo utamwambia nini.

Siku bora kwangu ni Jumapili asubuhi saa moja, barabara ziko wazi, Jinja Road unapita kama mwenye nchi. Ila mwezi wa 11 ulizia Jumapili ya marathoni, barabara za mjini zinafungwa. Na wewe unayehamia upande wetu wa Namugongo na Kyaliwajjala, wiki ya kuelekea tarehe 3 mwezi wa 6 sahau kabisa, mahujaji wa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda wanatembea kwa miguu kutoka kila pembe na barabara hazipitiki. Mvua zetu za mwezi wa 3 mpaka wa 5 na zile za mwishoni mwa mwaka, turubai lazima, hata kama asubuhi jua linawaka kama halijui kitu.

Usihame usiku. Najua wengine mnahama usiku kwa sababu zenu na mwenye nyumba wenu, hilo sisemi, lakini gari lenye godoro na tivi saa tano usiku linasimamishwa na kila polisi na kila mwenyekiti wa mtaa, na hawana makosa, wezi nao wanapakia hivyo hivyo. Chukua barua kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa) wa unapotoka, kwamba fulani alikaa hapa vizuri na anahama na vitu vyake. Ifuate katikati ya wiki, Jumapili asubuhi mzee yuko kanisani na mhuri umefungiwa kabatini. Barua hiyo hiyo unampelekea mwenyekiti wa kule mpya ukienda kujitambulisha, na mimi nakushauri uende wiki ile ile, sio mpaka siku unayohitaji mhuri wake kwa mambo ya benki.

Siku yenyewe

Mtu mmoja abaki mwisho nyumba ya zamani, mmoja atangulie mpya na ufunguo. Ukiwa peke yako basi panda mbele na dereva, sio kufuata na boda, na sio juu ya mizigo, polisi wa barabarani wanapenda sana mtu aliyekaa juu ya kochi. Pakia vizito mbele karibu na kichwa cha gari, friji na kabati, magodoro yabane ubavuni, vioo katikati ya magodoro mawili. Hesabu vitu kwa sauti mkipakia, "boksi la kumi na tisa", hesabu tena mkishusha. Hakuna anayemtukana mtu, ni hesabu tu, na vijana wakijua kuna hesabu hakuna boksi linalopotelea njiani.

Mkifika, kabla ya chai na kabla ya kupanga chochote, badilisha kitasa. Mpangaji aliyepita ana ufunguo, dalali ana ufunguo, na fundi aliyepaka rangi pia. Unga kitanda kwanza kukiwa bado na mwanga, vingine vyote vinaweza kukaa kwenye maboksi hata wiki.

Mara ya mwisho, kutoa kodi, nilitumia hivi: gari 100,000, vijana wawili 30,000, magunia na kamba na selotepu 22,000, vitasa 35,000, balbu na soketi 12,000, chakula 18,000, barua ya LC 10,000, mama chapati 20,000. 247,000, na siku za kodi mara mbili zilikuwa sifuri.

Alafu nikaharibu kitu kimoja tu. Namba ya mita ya zamani ilikuwa bado imehifadhiwa kwenye simu, usiku wa nne umeme ukakata, mi na usingizi wangu nikabonyeza "Yaka nyumbani" nikalipa 20,000, nikawa naingiza zile namba kwenye mita mpya inakataa, naingiza inakataa, mpaka nikasoma ile meseji vizuri. Tokeni ni ya mita yake, haihamishiki. Nikampigia aliyechukua chumba changu Kireka nikamsomea namba zote 20, akashukuru sana, akaahidi kunirudishia mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ile namba ya zamani ifute ukiwa bado kwenye gari.